Akina Kapinga Wote Wakawa Mmoja

Mratibu wa ofisi yetu alistaafu Julai hii, na kwenye sherehe ya kumuaga alitoa mzaha, na mimi nikacheka. Naanza na kicheko changu kwa sababu bila hicho nisingeandika chochote. Ukumbi ulikuwa ule wa nyuma ya soko, na baridi ya Mbinga ya Julai mnaijua: watu wanakula pilau na nyama ya nguruwe wakiwa wamevaa makoti, mvuke unawatoka mdomoni wakiongea. Mama Ditrami alikuwa ameketi meza ya karibu na mlango. Alikuwa ametoka ziwani asubuhi ile na zawadi ya usipa mkavu, dagaa wa kwao, kwa ajili ya Mratibu, kaufunga vizuri kwenye kitenge. Sikuwa nimemwona kwa miaka sita. Mratibu akashika kipaza sauti, akashukuru huyu, akashukuru yule, halafu macho yake yakamwangukia. “Jamani, na mama yetu yupo! Mnamkumbuka? Huyu ndiye mchapaji wetu aliyewafuta akina Kapinga wote wa wilaya hii kwa kidole kimoja!” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Ditrami naye akacheka, akainua kidole chake cha shahada juu watu wakione, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Na mimi, mtoto wangu wa pili mgongoni, nikacheka pamoja nao, kwa sauti. Kisha nikajisikia ninavyocheka, nikaweka kijiko chini. Mama Ditrami hakumfuta mtu yeyote. Niliwafuta mimi.

Sitaeleza wazazi wangu ni nani wala nilizaliwa wapi. Hayahusiki, na sitaki mtu aende kunitafutia sababu huko. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, cheti cha kidato cha nne chenye C ya Kiingereza, na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu niliyosoma Songea. Kwa hayo nikaajiriwa kwa majaribio kwenye ofisi ya wasaidizi wa kisheria, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Tulikuwa wanne. Mratibu alikuwa na chumba chake chenye mlango. Longinus, aliyezunguka vijijini kwa pikipiki, alikuwa na kiti tu, maana hakukaa. Mimi na Mama Ditrami tulikuwa na chumba cha mbele, meza mbili zinatazamana, na katikati benchi la watu waliokuja na mambo yao: mpaka wa shamba la kahawa, mirathi, ndoa iliyochoka, nguruwe aliyeingia kwenye mahindi ya jirani. Chumba kile kilinuka kahawa mbichi kwa sababu ya makoti ya wateja, na muda wote chini yetu mtu alikuwa anakata bati.

Mama Ditrami alikuwa mchapaji tangu enzi za taipureta. Alichapa haraka kuliko mimi na bila kutazama vidole, lakini kompyuta aliiogopa kidogo, kabla ya kuizima aliifuta vumbi na kuiambia, “Haya, pumzika.” Alipoandika maelezo ya mtu kwa mkono, kule kijijini au kitandani kwa mgonjwa, akirudi aliyachapa, akayasoma mara mbili, halafu ile karatasi akaichana vipande vidogo na kuvitia kwenye jiko la mkaa tulilopikia chai. “Siri za watu si za kufungia maandazi,” alisema. Mchana alifungua bakuli lake, ugali na usipa wa kwao au maharage, na kuligawa katikati kwa kijiko. Nilikuwa na mimba ya miezi minne niliyokuwa nikiibana kwa khanga chini ya sketi, nikidhani hakuna anayejua. Siku moja akasukuma upande mkubwa kwangu, akasema huku anatazama dirishani, “Kula Kandida, humo ndani hamko mmoja.” Hakuniuliza ya nani. Aliyenipa mimba alikuwa ameshakana na kuhamia Ngaka kwenye malori ya makaa ya mawe, na mama yule alikuwa mtu wa kwanza kunipa chakula bila kunihoji. Naliandika hili mapema ili mjue nilimfanyia nani.

Kila kompyuta ilikuwa peke yake. Mratibu akitaka faili la Mama Ditrami tulilibeba kwenye flashi, hatua sita kutoka meza mpaka meza, na flashi ile ilikuwa na virusi vingi kuliko mbwa wa sokoni alivyo na viroboto. Ndipo fundi akaitwa kutoka Songea. Alifika asubuhi, akagongelea waya ukutani, akaweka kisanduku chenye taa za kijani, akaziunganisha mashine zote tatu. Ndani ya ile ya Mratibu, iliyokuwa na nafasi kubwa, akafungua folda moja ambayo wote tungeiona kutoka kwenye meza zetu. Tukaipa jina KABATI. Mama Ditrami aliandika neno “habari” kwenye mashine yake, akalitia KABATI, kisha akapaza sauti kuelekea chumba cha Mratibu, “Mkuu, imefika?” “Imefika!” Akapiga makofi. “Yaani mimi naandika hapa, yule anasoma kule, na hakuna aliyesimama?” “Ndiyo, mama,” fundi akajibu. “Basi humu ofisini tutanenepa.” Tulicheka wote. Fundi alikuwa na kazi nyingine Mpepai, akaondoka kabla ya chakula. Mlangoni aliniambia, “Dada, wewe unaelewa. Hamishia mafaili yote humo, ya mashine ya mama na ya kwako. Ikikuuliza kitu, soma kabla hujajibu.” Nilivimba kichwa kwa lile neno, unaelewa. Nikaona ni kazi ndogo, ya kubonyeza na kusubiri tu.

Sasa sikilizeni upumbavu wenyewe, maana ni upumbavu wa Mbinga na sidhani kama ungetokea kwingine. Sisi faili la mtu tuliliita kwa ukoo wake. Na hapa kwetu ukisimama sokoni ukaita “Kapinga!” nusu ya soko inageuka, na nusu iliyobaki ni Ndunguru, Komba, Hyera na Nchimbi. Mama Ditrami alikuwa na KAPINGA wake, mimi nina KAPINGA wangu. Yeye ana NDUNGURU, mimi nina NDUNGURU. Walipokuwa kwenye mashine mbalimbali hawakukutana. Nilianza na mafaili ya Mama Ditrami. Sikunakili, nilikata, kwa sababu nilitaka mashine yake ibaki safi na Mratibu aone kazi. Kisha nikakata ya kwangu na kuyabandika juu yake. Kompyuta ikaniuliza, kwa Kiingereza chepesi kabisa, kama nataka faili hili jipya likae mahali pa lile la zamani lenye jina kama lake. Nikaona ah, ni yaleyale ya flashi, faili moja limebebwa mara mbili. Nikakubali. Ikaniuliza tena. Ilikuwa na mahali pa kuweka alama ili usiulizwe tena kwa yote yaliyobaki, nikaweka alama. C ya Kiingereza ninayo na maneno yale niliyajua. Sikuyasoma tu. Akina Kapinga wote wakawa mmoja, akina Ndunguru wakawa mmoja, na huyo mmoja kila mara alikuwa wa kwangu.

Nilijua siku ileile, saa tisa alasiri. Hili sikumwambia mtu mpaka mwaka huu. Mafaili yaliyokuwa ndani ya KABATI yalikuwa machache mno. Nikafungua KAPINGA, nikakuta wangu. Nikafungua KOMBA, wangu. Mama Ditrami alikuwa mbele yangu, anakoroga chai, ananiambia habari ya binti yake mdogo aliyepelekwa bweni. Namba ya fundi nilikuwa nayo kwenye simu. Miaka miwili baadaye, nikiwa nimeshakuwa mtu wa kuitwa kwenye ofisi za watu kufanya kazi hiyohiyo, nilijifunza kwamba faili likipotea namna ile, usipoendelea kuitumia mashine, kuna wakati fundi anaweza kulirudisha. Simu moja tu. Lakini majaribio yangu yalikuwa yamebakiza mwezi, na tumbo lilikuwa linakua, na nilimsikia Mratibu akimwambia Longinus nyuma ya mlango, “Huyu binti ana akili, ila nasikia ana mambo.” Mambo! Mambo yalikuwa tumboni mwangu yakipiga mateke. Nikapokea kikombe cha chai na kusema asante mama.

Baada ya wiki mbili akaja mjane kutoka Maguu, Mama Kapinga, pamoja na shemeji zake wawili na mzee wa ukoo. Waligombania mpaka wa shamba la kahawa. Jirani mmoja, mzee aliyekuwa hoi kitandani, alikuwa amemweleza Mama Ditrami jiwe kwa jiwe mpaka ulipitia wapi. Maelezo yalichapwa, ila wino wa printa uliisha, na mzee akafariki kabla hayajatolewa kwenye karatasi. Kwa hiyo yalikuwemo kwenye kompyuta tu. Mratibu akawakalisha wote, akavaa miwani, akafungua KABATI na kusoma kwa sauti ya kanisani: “‘Nguruwe huyo alikuwa na doa jeusi mgongoni, na alikuwa ameshiba.’” Akavua miwani. “Hii ni nini?” Shemeji mmoja akacheka mpaka akakohoa. “Mzee alikufa anaota kitoweo,” akasema. Mama Kapinga hakucheka. Mratibu akatoka chumbani mwake akiwa amekunja uso. “Nani ameigusa KAPINGA?” Na Mama Ditrami, kwa sababu ni mtu mkweli, akajibu, “Mimi niliifungua juzi, Mkuu, nione kama imefika. Nikaona maneno siyafahamu, nikafunga haraka nisije nikaharibu.”

Hapo ndipo palikuwa na nafasi yangu. Ilikuwa pana kama mlango wa kanisa. Nikasema, “Labda Mama alibonyeza kufuta bila kujua. Huwa anabonyezabonyeza.”

Maneno hayo tu. Nimezaa mara mbili na sijasikia maumivu yanayokaa kama hayo maneno. Mratibu akamgeukia. “Mama, si nilisema hivi vitu viguswe na vijana?” Mbele ya wageni wale, mbele ya Longinus aliyekuwa anavua kofia yake ya pikipiki mlangoni. Mama Ditrami alisema, “Mimi?” Akatazama vidole vyake. Nilitegemea abishe. Angebisha, labda ningeona aibu mapema, sijui, najidanganya. Hakubisha. Baadaye wageni walipoondoka alikuja upande wangu wa meza, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwanafunzi, “Kandida mwanangu, nilibonyeza wapi?” Na mimi nikamwonyesha. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, pale juu upande wa kulia, nikamwambia, “Hapa, mama.” Akakitazama kwa muda. “Kumbe kiko karibu hivyo,” akasema. Kuanzia siku ile alichapa akiwa amekunja kidole cha mkono wa kulia, asikiguse, na kasi yake ikafa. Yule mwanamke aliamini. Ningemwibia pochi angeniona mwizi; mimi nilimfanya asiiamini mikono yake mwenyewe.

Mchana ule aligawa bakuli kama kawaida. Upande mkubwa kwangu. Na nilikula, jamani, sitawaficha, nilikula mpaka mchuzi.

Mama Kapinga alipata mpaka wake kwa sababu mzee wa ukoo alikumbuka maneno ya marehemu kwa mdomo, na shemeji walichoka. Mafaili mengine tuliyaandika upya kwa kuwaita watu. Kwa hiyo aliyepoteza alikuwa mmoja tu. Mratibu alimwondoa Mama Ditrami kwenye kompyuta, akampa kazi ya kupokea wageni na kupika chai. Ikawa utani wa ofisi, Longinus akiingia alisema, “Mama, usiniguse, nisije nikafutika.” Yeye alijibu, “Wewe hata ukifutika nani atakutafuta,” na tukacheka. Mwezi wa kumi na moja akasema mume wake anamwita nyumbani, upande wa Mbamba Bay. Tulimnunulia vitenge. Mratibu alinipa mkataba wa kudumu na kusifia “mfumo wetu mpya.” Nikajifungua Desemba, na mama yule akanitumia kwa basi ndoo ya usipa mkavu na ujumbe kwamba ninywe uji mwingi nipate maziwa. Binti yangu aliyenyonya maziwa hayo yuko darasa la kwanza sasa, na akivunja kikombe na kumsingizia mdogo wake naona mkono wangu unainuka, kisha naushusha, maana sina mdomo wa kumwambia kitu.

Basi turudi ukumbini. Nilisimama. Sikuwa na ujasiri wowote, nilikuwa na hasira, na nyingi ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikasema, “Mratibu, samahani. Mama Ditrami hakufuta kitu. Nilifuta mimi siku ya fundi, nikajua siku ileile, nikamsingizia.” Mtu mmoja nyuma akauliza, “Huyu dada amekunywa?” na mwingine akamjibu, “Ananyonyesha huyo, atakunywaje.” Mratibu akatabasamu lile tabasamu la watu wenye kipaza sauti. “Aaa, mwanangu, yamepita hayo. Ulikuwa mdogo.” Nilitaka kumrushia sahani. Mdogo! Aliyefanywa mdogo ni yule aliyeinamishwa kichwa mbele ya wateja, akiwa na miaka hamsini na kitu. Nami nikasema, “Sikuwa mdogo. Nilikuwa mwongo.” Wakawasha muziki.

Mama Ditrami alinikuta nje, pale wanapooshea masufuria. “Shikamoo, mama,” nikasema, maana nilikuwa sijamsalimia hata. “Marahaba. Umemaliza?” “Nimemaliza, mama.” “Hujamaliza. Hawa kesho watakuwa wamesahau, na mimi siishi nao.” Akanieleza akiwa amesimama, mikono ndani ya sweta. Mume wake, Mwalimu, alimwita nyumbani baada ya kuusikia ule utani hapa mjini. Miaka sita ugali ukiungua anasema, “Umefuta na huu?” Wageni wakija wanasimuliwa. Wajukuu wamejifunza. Ofisi ya kijiji ilipoletewa kompyuta wakamwomba awasaidie kuchapa, na Mwalimu akamwambia mbele ya mtendaji, “Utatufutia kijiji.” Akakataa kazi ile. “Na mimi nilidhani ana haki,” akasema. “Kwa Mwalimu mwenye kosa bado ni mimi. Njoo Jumamosi umwambie.” Nikaanza, “Mama, unisamehe…” Akanikata. “Nimesema Jumamosi.”

Nilikwenda kwao ziwani, mtoto mgongoni. Uani palikuwa na muhogo uliomenywa umeanikwa juu ya mkeka, na vichanja vya usipa vinang'aa juani. Mwalimu alikuwa kibarazani na redio mapajani. Mama Ditrami alinikaribisha, akanipa kiti, kisha akaingia jikoni akauacha mlango wazi. Sikusubiri chai. Nilimweleza yule mzee yote: majina, ile alama niliyoweka, saa tisa alasiri, kitufe nilichomwonyesha mke wake. Alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma, akitafuta kosa.

“Kwa hiyo hakubonyeza,” akasema.

“Hakubonyeza, baba.”

“Hata mara moja?”

“Hata mara moja.”

Akazima redio, ambayo ilikuwa imezimwa tayari. Akatazama ziwani, akatazama muhogo, akakohoa. Mtoto wangu alianza kulia, nikamgeuza mbele nikamnyonyesha palepale, sikuwa na aibu nyingine iliyobaki.

“Mama Ditrami!” mzee akaita.

“Abee.”

“Mgeni ameleta… ameleta habari.”

“Nilimwita mimi.”

“Ehe.” Akajikuna goti. “Samaki wako tayari?”

Mwiko ukanyamaza jikoni. Mama Ditrami akatoka, akasimama kizingitini, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Hakunitazama mimi.

“Mwalimu,” akasema, “nimemsikia akikiri kosa lake. Nangoja lako.”